Ombi la Likizo kwa Mtu Asiye na Kazi

Ramson Mwakatobe,
Chumba cha nyuma, kwa Mama Theodosia,
Mjimwema, Songea.
Jumatano, mahindi yakiwa nje.

Mzee Polikarp,
Mwenyekiti wa Mtaa,
(kwa sasa yuko shambani, Mpitimbi).

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MAMA MWENYE NYUMBA NA WAPANGAJI WENZANGU, PAMOJA NA OMBI LA LIKIZO

Ndugu Mwenyekiti, shikamoo.

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini nakuomba usiishie hapo kama wanavyofanya wakubwa wengi wakiletewa barua wakiwa na njaa. Kama chakula hakijaiva, kaa juu ya gunia usome. Kama kimeiva, kula kwanza. Malalamiko yangu yamesubiri tangu Pasaka, yatasubiri na ugali.

Mimi, kama unavyofahamu, ni mtu wa Tukuyu. Nimesomea utumishi, yaani kazi ya kuajiri watu, kuwapangia majukumu na kuwatunzia mafaili yao. Chuoni walitufundisha vizuri sana namna ya kuajiri. Namna ya kuajiriwa nadhani waliona tutaijua wenyewe tukishafika mtaani. Nilipomaliza, nilikaa nyumbani nikipiga simu ofisi za mikoa hii yote ya kusini, na kila nilipopiga Songea waliniuliza swali moja: uko hapa mjini? Nikisema niko Tukuyu, sauti ya upande wa pili ilikuwa inapoa kama chai iliyosahaulika. Shemeji yangu Eric, mume wa dada, ndiye aliyenifumbua macho. Alisema kosa langu ni kutafuta kazi kabla ya kuwa mwenyeji. Niende kwanza, nipange, nifahamike, halafu kazi itanikuta nyumbani kwangu nimekaa.

Naomba uyakumbuke maneno hayo, Mzee, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kazi ilinikuta nyumbani kwangu nimekaa.

Mama yangu hakuupenda mpango huu. Alisema hajawahi kuona mtu akinunua kamba kabla hajapata ng'ombe. Mwishoni alikubali kwa sharti kwamba ananipa miezi sita, na ikiisha sijapata kitu, nirudi Tukuyu kuchuma chai kama watu wengine wenye akili. Miezi hiyo inaisha mwisho wa Agosti. Hilo nalo naomba ulikumbuke.

Nilifika mwezi wa tatu, mvua ikinyesha. Nilianza kutafuta chumba Mfaranyaki, na kila nyumba niliyoingia niliulizwa nafanya kazi wapi, na kila niliposema bado natafuta, nilionyeshwa geti kwa heshima. Mwendesha bodaboda akanionea huruma, akanileta huku Mjimwema, kwa Mama Theodosia. Unamfahamu kuliko mimi: muuguzi mstaafu, mjane, mtu wa jumuiya ya kanisa, anayezungumza taratibu utadhani mgonjwa bado amelala pembeni. Nilimkuta barazani akichambua maharage.

Naye akaniuliza, "Mwanangu, unafanya kazi wapi?"

Nilishachoka. Nikamwambia ukweli, "Bado natafuta, mama."

Aliacha kuchambua. "Kwa hiyo mchana upo?"

Nikasema nipo. Akainuka, akaenda kuleta ufunguo.

Nilikuja kujua baadaye kwamba asubuhi ileile alikuwa amemkataa mtu wa benki, mwenye mshahara na gari, kwa sababu eti anatoka alfajiri na kurudi giza likiwa limeingia. Kama mtu niliyesomea utumishi, nilipaswa kutambua palepale kwamba ule haukuwa upangaji. Ulikuwa usaili, na mimi nilikuwa nimefaulu.

Sasa naingia kwenye malalamiko yenyewe, ambayo nimeyapa namba ili usipate taabu utakapoyajibu.

1. MAHINDI. Mwanzoni mwa mwezi wa sita kigari cha kirikuu kilileta magunia ya Mama Theodosia kutoka shambani kwake huko Mpitimbi. Aliniomba nimsaidie kuyaanika siku ile moja tu, kwa kuwa kiuno chake kilikuwa kimemgomea. Niliyaanika. Kesho yake nilipofungua mlango nilikuta turubai limekunjwa vizuri, limewekwa kizingitini pangu. Hakuna aliyenitamkia neno. Katika taaluma yetu, Mzee, hivyo ndivyo mkataba wa kudumu unavyoanza: mtu anafanya jambo mara moja, hafukuzwi.

Tangu siku hiyo nayatoa, nayageuza kwa miguu, nayakusanya jua likilegea. Katika baridi hii ya Songea, wakati wasomi wenzangu wamejifunika mablanketi wakitazama matangazo ya kazi kwenye simu, mimi naangaliana na kuku. Yuko mmoja wa kishingo anayetoka kwa jirani kupitia chini ya uzio. Huyo kuku ana utumishi. Hajawahi kuchelewa.

2. MTOTO. Chumba kinachopakana na changu anakaa Mwalimu Devota, mtu wa Mbinga, anayefundisha shule ya msingi. Baada ya Pasaka dada yake wa kazi aliondoka bila kuaga. Mwalimu alikuja mlangoni kwangu amemshika mkono binti yake Asumpta, wa miaka mitatu, akasema ni kwa siku mbili tu, mpaka atakapopata dada mwingine. Sijamsikia akitafuta dada mwingine. Nimemsikia akiwaambia walimu wenzake kwamba amepata.

Asumpta hana kosa. Ni mtoto mwema, ana maswali mengi na anakula chochote. Lakini mimi ni Mmoravian, nimebatizwa Mmoravian, babu yangu alipiga tarumbeta kanisani mpaka meno yakamwisha. Leo hii naongoza Salamu Maria kila asubuhi, kwa sababu mtoto hafungui kinywa kunywa uji kabla ya sala. Na kwa kuwa mtoto hujifunza kwa anayekaa naye, yeye sasa anasalimia watu kwa Kinyakyusa. Jumapili moja alimsalimia padri "Ugonile" mbele ya waumini. Mwalimu alikuja kwangu kulalamika kwamba namharibia mtoto lugha. Nilimshauri aweke malalamiko yake kwenye maandishi. Hajaandika. Anajua akiandika atanipa ushahidi kwamba aliniajiri.

3. DAGAA. Chumba cha kona anakaa Bwana Abdulswamadu, mtu wa Tunduru, mstaarabu sana, hapitwi na swala. Anauza dagaa wa Ziwa Nyasa sokoni. Mzigo wake hutoka Mbamba Bay na kufika mchana, wakati yeye yuko kwenye meza yake ya biashara. Aliniomba niwe nampokelea. Alisema, "Ndugu yangu Ramson, kwa hisani yako, Mwenyezi Mungu atakulipa." Na kila mzigo ukija ananiambia hivyohivyo. Sina shaka na Mwenyezi Mungu, lakini naona ameachiwa malipo yote ya nyumba hii peke yake.

Magunia yanakaa chumbani kwangu kwa sababu cha kwake kimejaa. Nalala katikati yake. Suti yangu, ambayo ni moja, imetundikwa juu yake. Paka wa mtaa mzima wananisindikiza hadi barabarani, nami nimeshazoea kutembea na ulinzi.

4. UMEME WA LUKU, MAJI NA WAPELEKA MIZIGO. Haya siyaelezi. Nasema tu kwamba kwenye ukuta wa geti kuna namba ya simu imeandikwa kwa makaa, na chini yake maneno "MUDA WOTE YUPO". Namba ni yangu. Mwandiko si wangu.

5. USAILI. Hapa naomba unisikilize vizuri, Mzee, kwa sababu hapa pananiuma.

Mwishoni mwa mwezi wa sita nilipigiwa simu na shirika moja la hapa mjini. Walikuwa wanatafuta msaidizi wa afisa utumishi, na walitaka kuniona Jumanne. Simu ilinikuta nikigeuza mahindi. Nilikaa juu yake palepale. Jioni ile niliwaita wote watatu, nikawapa taarifa rasmi na mapema, kama sheria inavyotaka, kwamba Jumanne sitakuwepo.

Siwezi kusema waliipokea vibaya. Mama Theodosia aliwasha mshumaa. Mwalimu Devota alinichukulia shati akalipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Abdulswamadu alileta ubani, akaifukiza suti yangu na kuisomea dua, kisha akainusa, akasema taratibu kwamba ameongeza harufu lakini dagaa hawajaondoka.

Jumanne alfajiri ukaja ujumbe wa msiba huko Mpitimbi. Mama Theodosia akapanda gari la kwanza. Mwalimu Devota alikuwa anasimamia mtihani wa majaribio wa darasa la saba, hakuweza kukosa wala kwenda na mtoto. Abdulswamadu alikuwa ziwani. Tukabaki watatu: mimi, mahindi na Asumpta. Mahindi niliyafunika. Asumpta nilimvalisha gauni la Jumapili, tukapanda bodaboda.

Waombaji wenzangu waliokuwa wamekaa kwenye benchi walinitazama, wakapumua. Niliona wazi kwamba wamenitoa kwenye hesabu. Lakini ndani, Mzee, nilijibu. Mama mmoja mwenye miwani alikuwa ndiye mwenyekiti wao, na pembeni yake walikaa mabwana wawili. Aliuliza kama mtoto ni wangu, nikasema ni wa jirani, akaandika kitu. Wakampa Asumpta biskuti. Waliniuliza kuhusu ugomvi kazini, kuhusu watoro, kuhusu mafaili, na kote nilipita. Nilimwona bwana wa kulia akitikisa kichwa kwa kukubali. Kwa mara ya kwanza tangu nihitimu niliiona meza yangu ilivyokaa, na kiti chake.

Ndipo yule mama akasema, "Bwana Ramson, tangu mwezi wa tatu uko hapa mjini. Umekuwa ukifanya nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeliandaa tangu Tukuyu, kwamba nimekuwa nikijiendeleza kitaaluma. Nilivuta pumzi tu ya kuanzia, na Asumpta, biskuti ikiwa mdomoni, akawajibu kwa niaba yangu.

"Anko ana kazi. Analinda mahindi."

Bwana wa kushoto, ambaye tangu tuingie alikuwa akivutavuta pua, akauliza polepole, "Na dagaa?"

"Na dagaa," akasema Asumpta.

Walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na kama mwendawazimu, mimi pia nikacheka, na hicho ndicho kinachoniuma kuliko yote. Yule mama alifuta miwani yake, akasema mimi ni kijana mzuri sana, ila wao wanatafuta mtu asiye na majukumu mengine.

Kwa hiyo naomba iingie kwenye kumbukumbu za mtaa, Ndugu Mwenyekiti, kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza Songea kunyimwa kazi kwa sababu ya kuwa na kazi, wakati sina kazi.

Nilirudi nikakaa kizingitini na suti yangu. Mama Theodosia alirudi msibani jioni, na vumbi la njiani, akanikuta hapo. Hakuuliza. Nikamwambia mwenyewe kwamba wamenikataa. Alivua viatu, akakaa pembeni yangu, nadhani kama alivyokuwa akikaa na wagonjwa wake. Halafu akasema, "Hawajui walichokikataa, mwanangu."

Nilikuwa karibu kulia, Mzee. Nakwambia kweli.

Halafu akasema, "Kesho kuna ulezi wa kuanika."

6. MUHURI. Lalamiko hili linakuhusu wewe, hivyo nimeliandika kwa mwandiko mdogo.

Ulipokuwa unaondoka kwenda kuvuna, ulipita hapa na baiskeli, ukaniuliza kama nashinda nyumbani. Nilipaswa kukimbia. Badala yake nikasema ndiyo, kwa kiburi, kwa sababu aliyeniuliza ni Mwenyekiti. Ukatoa mfukoni leso, na ndani ya leso muhuri wa mtaa, ukasema niwe nawasaidia wenye shida ya haraka tu.

Mzee wangu, katika mtaa wako hakuna mtu mwenye shida ya polepole. Wanakuja wa kufungua akaunti, wa kuhamisha watoto shule, wa kwenda kumtoa ndugu kituoni. Nimeandika barua za utambulisho mpaka kidole kimeota sugu. Nimesuluhisha ugomvi wa maji machafu kati ya nyumba mbili ambazo hazijasemezana tangu enzi za mwenyekiti aliyekutangulia, na nilisuluhisha nikiwa nimembeba Asumpta mgongoni. Watu wananiita Kaimu. Wazee wananiachia kiti. Mimi niliyekataliwa usaidizi wa afisa utumishi naendesha mtaa, na kazi hiyo naifanyia juu ya turubai.

Sisemi kwa kinyongo. Nasema tu kwamba serikalini mtu akikaimu hupewa barua.

7. EDNA. Wiki iliyopita alisimama getini binti mmoja mwenye begi kubwa, anaitwa Edna, ametoka Morogoro. Alikuwa ameambiwa hapa ndipo kwa Kaimu. Alihitaji barua ya utambulisho kwamba ni mkazi wa hapa, mwajiri wake ameitaka. Nikamuuliza mwajiri gani. Akalitaja lile shirika. Nikamuuliza nafasi gani, ingawa moyo ulishajua. Msaidizi wa afisa utumishi.

Alikuwa ameshuka kwenye basi jana yake. Usaili walimfanyia kwa simu, akiwa kwao.

Mimi niliyehama Tukuyu na kupanga chumba ili nipate kuwa mwenyeji nilichukua kalamu, nikaandika kwa mkono wangu kwamba mtajwa ni mkazi wa mtaa huu, anafahamika, na ana mwenendo mzuri. Nikapiga muhuri. Siku hiyo wino ulitoka vizuri kuliko siku zote. Nikampa mkono nikamwambia hongera, na hongera yenyewe ilikuwa ya kweli kama nusu hivi.

Alinishukuru, halafu akaniuliza kama najua chumba. Mama Theodosia ana kile chumba cha stoo anachotaka kukipangisha, hivyo nikampeleka. Mama akamuuliza anafanya kazi wapi. Edna akamweleza, kwa furaha. Mama akamuuliza anatoka saa ngapi, akaambiwa saa moja asubuhi. Na kurudi? Jioni. Mama Theodosia alimtazama kwa huruma, kama anayempa majibu ya maabara, akamwambia, "Pole, mwanangu. Nyumba hii haitakufaa."

Nikambebea begi mpaka Mfaranyaki. Alipata nyumba ya kwanza tuliyobisha hodi. Walimuuliza swali lilelile nililokuwa nimeulizwa mimi, akajibu, wakamkaribisha chai. Mimi sikukaribishwa. Nadhani walinikumbuka.

Kwa maelezo hayo, Ndugu Mwenyekiti, naleta maombi yangu.

Kwanza, mtaa unitambue. Nipewe barua yenye cheo. Napendekeza Afisa Mshinda Nyumbani, lakini siwezi kung'ang'ania jina, ilimradi liwe na neno "Afisa".

Pili, nikishatambuliwa, nipewe likizo ya mwaka kama mfanyakazi mwingine yeyote nchini, ili niende nikatafute kazi. Nimelitazama jambo hili kila upande na sioni njia nyingine. Mtu asiye na kazi ana muda wa kutafuta kazi. Mimi sina muda huo, kwa hiyo nina kazi. Mwenye kazi ana haki ya likizo. Nikiwa likizo nitakuwa sina kazi, na hapo ndipo nitakapoweza kuitafuta.

Tatu, iandikwe barua kwa mama yangu, Tukuyu, yenye muhuri, kumjulisha kwamba niko kazini na nahitajika, asinitegemee kwenye chai mwezi wa tisa. Ningeiandika mwenyewe, ila anaujua mwandiko wangu.

Nne, haya yakishindikana, mama mwenye nyumba na wapangaji wenzangu waamriwe kujitegemea mchana, na wewe, kwa heshima zote, uje uchukue muhuri wako.

Yote yasipotekelezwa nitagoma. Nitatoka nje ya geti saa mbili asubuhi, nitakaa popote, na sitarudi mpaka jioni. Mtaa ndio utajua wenyewe.

Nakufahamisha pia kwamba kwa kuwa ofisi iko kwangu, barua hii nimeipokea mimi, nimeigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, na nimeifungulia faili. Kama Kaimu nimeisoma kwa makini na nimeona hoja zake ni nzito. Lakini siwezi kuitolea uamuzi kwa sababu nina undugu wa karibu na mlalamikaji. Ndiyo maana naileta kwako kwa kirikuu kinachokuja kuchukua magunia ya mwisho.

Unisalimie Mama Lidwina, mke wako, na umwambie vifaranga mlioniachia hawajambo isipokuwa mmoja, ambaye habari zake nitamweleza mwenyewe ana kwa ana. Wasalimie wavunaji wote, na wasalimie hata wale waliokuja kula tu, huwa hawasalimiwi.

Wako katika kushinda nyumbani,

Ramson Mwakatobe
(Mlalamikaji, na pia Kaimu)

Nakala kwa:
Mama Theodosia. (Amesomewa. Amesema sauti yangu imekuwa nzuri tangu nianze kusali.)
Mwalimu Devota. (Amerudisha nakala ikiwa na masahihisho mawili kwa wino mwekundu.)
Bwana Abdulswamadu. (Nakala yake sijui iliko. Jana nilimwona mteja akitoka sokoni na dagaa waliofungwa ndani ya lalamiko namba tatu.)

Tanbihi: Kirikuu kiliharibika, hakikuondoka siku niliyokusudia, na katikati hapo mambo yamebadilika.

Watatu hao, baada ya kupata nakala zao, walikuja mlangoni kwangu wamepanga mstari kama wanaokwenda kukomunika, hata Abdulswamadu. Waliniomba radhi. Mwalimu alilia kidogo. Mama Theodosia alisema walikuwa wamejisahau, kwamba mimi ni kijana wa watu na nina maisha yangu, na kwamba kuanzia kesho yake niko huru. Walikuwa wameshampata mtu wa kile chumba cha stoo. Anaitwa Remmy, ametoka Makambako, anatafuta kazi, mchana yupo.

Niliwashukuru sana. Asubuhi nilivaa suti, nikachukua bahasha yangu ya vyeti, nikatoka. Nilifika getini, nikageuka mara moja tu, kuangalia.

Mzee, huyo Remmy alikuwa ametandika turubai upande wa kivuli.

Mahindi ameyamwaga lundo moja, anayageuza kwa fimbo huku anatazama simu. Magunia ya dagaa ameyaegemeza kwenye dumu la mafuta ya taa. Wateja wawili wa barua za utambulisho amewaambia warudi kesho. Uji wa mtoto ameuweka mbele yake bila sala, na mtoto hali. Nikasikia Asumpta akimwita Anko, jina langu mimi.

Nilirudi ndani nikavua koti.

Kwa hiyo barua hii naifuta yote, kuanzia kichwa cha habari. Likizo siitaki. Mama yangu amepiga simu, nimemwambia Agosti haiwezekani, nimebanwa. Badala yake naleta lalamiko moja tu, la dharura, na naomba ulishughulikie kabla hujamaliza kuvuna: mtaa umwondoe huyu kijana. Hana kazi, hana mwenyeji hapa mjini, anashinda nyumbani mchana kutwa na hakuna anayejua anafanya nini. Mimi binafsi sina chuki naye. Nilimkalisha, nikamfanyia usaili wa haki kama nilivyosomea, na ninasikitika kuujulisha mtaa kwamba hafai kwa nafasi hii.

Hana uzoefu.